Leso Kiunoni mwa Mama Mkwe

Tulimzika mama mkwe wangu mwezi uliopita, upande wa Mutomo, siku ambayo upepo ulikuwa ukiinua vumbi na kulimwaga ndani ya sufuria za wali. Mwendesha shughuli, kijana wa kanisa mwenye sauti nzuri, alipofika kwenye sehemu ya wakwe alinitaka nisimame. Akawaambia watu kwamba huyu mzee mnayemwona ndiye aliyemfundisha mama kutembea tena baada ya kiharusi, wakati wengine walikuwa wameshakata tamaa, na kwamba vijana wanaooa siku hizi waje wajifunze kwake. Watu wakapiga makofi. Nilisimama, nikainamisha kichwa, nikakaa. Nilipopewa kipaza sauti nilikirudisha. Walidhani ni unyenyekevu, au ile heshima ya zamani ya mtu kutosema mengi mbele ya ukoo wa mkewe, na makofi yakaongezeka. Kisha wajukuu wakatoa igizo fupi la kumkumbuka nyanya yao. Msichana mmoja mdogo alichukua fimbo akatembea kama yeye: mguu wa kulia ukapiga hatua, mguu wa kushoto ukazungushwa kwa nje, ukakanyaga, halafu goti likasukumwa nyuma kwa ghafla, kama mlango uliosukumwa na upepo. Watu walicheka huku wakifuta machozi. Ule ulikuwa mwendo wake, ungemtambua nao akiwa mbali kabla hujauona uso. Mimi nilitazama goti la mtoto yule nikashindwa kucheka. Goti lile ni kazi yangu.

Mwaka ninaotaka kuueleza tulikuwa tunaishi Kiboko, mimi na mke wangu Mwende, katika nyumba za wafanyakazi wa kituo cha utafiti wa kilimo. Nilikuwa kibarua katika mashamba ya majaribio, mtama na mbaazi, na tulipewa vyumba viwili vilivyoshikana, kila kimoja na mlango wake wa kutokea barazani. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa na Mwende alikuwa mjamzito. Kwa nini mama yake aliletwa kwetu baada ya kutoka hospitali, na si kwa watoto wake wa kiume, ni mambo ya familia ambayo hayatamsaidia msomaji. Itoshe kusema hakukuwa na mtu mwingine. Alishushwa kutoka nyuma ya pikapu, amefungwa shuka kama mzigo unaovunjika, upande wake wote wa kushoto umelegea. Kauli alikuwa nayo na akili alikuwa nayo, na jambo la kwanza alilolisema alimwambia Mwende, kwa sauti ambayo nami niliisikia nikiwa nimejificha nyuma ya tangi la maji, kwamba ni aibu kubwa mwanamke kuja kuugulia kwa mkwe wake, na kwamba akifia hapo, ukoo mzima utazungumza. Alitaka kurudi kwake. Si kurudishwa, kurudi. Alitaka kuingia nyumbani kwake kwa miguu yake.

Nilikuwa nyuma ya tangi kwa sababu ya nthoni. Wasomaji wa Ukambani hawahitaji maelezo, lakini wengine niwaeleze polepole. Nthoni ni heshima iliyo kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hamshikani mikono. Hamtazamani usoni. Hamlali chini ya paa moja mkiweza kuepuka, na mkikutana njiani mmoja hupisha vichakani. Hata jina lake hulitamki, na ndiyo sababu sitaliandika hapa. Si chuki, ni kinyume cha chuki. Ni namna ya kusema kwamba mtu aliyemzaa mkeo hawezi kuzoewa kama kiti. Siku hizi watu wa mjini wanaipuuza, lakini mimi nililelewa nayo, naye pia. Sasa tulikuwa tumetenganishwa na ukuta wa tofali moja. Nikikohoa, alijua nimekohoa. Akigeuka kitandani, nilisikia mbao zikilia. Nilianza kula nje, nikiegemea stoo ya pembejeo, sahani yangu ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na kunde, juu ya magoti. Njia ya chooni ilikuwa moja, kwa hiyo kabla ya kuipita nilikuwa nakohoa kwa nguvu mpaka majirani wakamwuliza Mwende kama nina kifua kikuu.

Hospitali ilituelekeza kwa Bi Zuhura, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mzaliwa wa Kitui mjini, wa familia ya Waislamu waliokuwa na duka huko tangu enzi za babu zao, na aliongea Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote. Alipopita kijijini kwetu kwa kazi zake alitupitia. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo nimewaeleza watu wengi tangu siku hizo, na kama una mgonjwa wa kiharusi nyumbani, lishike. Watu hudhani mguu uliopooza umekufa. Haujakufa. Mguu uko pale, nyama ziko pale. Kilichoharibika ni njia ya ujumbe kutoka kichwani. Ubongo unaweza kutafuta njia nyingine, lakini hauitafuti kama hakuna safari. Kila wakati mgonjwa anapojaribu kuinua kidole cha mguu na kisiinuke, ubongo unatumwa kutafuta. Kwa hiyo usimfanyie kila kitu kwa huruma. Weka kikombe upande ule dhaifu, ili ageuke. Akae kwenye kiti kirefu kidogo, ainuke mwenyewe, akae, ainuke. Akilala chali, akunje magoti yote mawili na kuinua nyonga. Na usimvute kamwe kwa mkono uliopooza, hata kumsalimia, kwa maana bega lile halina kitu cha kulishikilia. Wageni wetu wa kanisa walikuwa wakiingia na kuukamata mkono ule wakautikisa kwa furaha wakiomba, na mama alikuwa akiuma meno akisema amina.

Mwende alijifunza yote hayo. Mimi nilisikiliza nikiwa barazani, mgongo wangu kwenye dirisha. Lakini tumbo la Mwende lilikuwa kubwa, na mama alikuwa mwanamke mwenye mwili. Siku moja Bi Zuhura alitoka nje akanikuta, akanieleza kwa upole kwamba mke wangu hawezi tena kumshika mtu anayeyumba, na kwamba anayehitajika ni mtu mwenye nguvu. Alinitazama mabega. Nilimweleza habari za nthoni. Akasema anaelewa, hata kwao kuna heshima zao, akauliza kama hatuwezi kumpata mwanamke wa kusaidia. Nikasema tutampata. Sikumtafuta. Hapo ndipo ninapoanza kujilaumu ninapohesabu mambo haya, kwa maana ukweli ni kwamba nthoni ilinifaa. Ilinipa ruhusa ya kuwa mbali na harufu ya dawa ya kuchua, na bakuli la kujisaidia, na kile kilio kidogo ambacho mama alikitoa asubuhi alipokuwa akiuamsha mguu wake. Mtu mwingine angeitwa mvivu. Mimi niliitwa mwenye adabu.

Kisha akaanguka. Mwende alikuwa amekwenda kliniki ya wajawazito, na mimi nilirudi kutoka shambani mchana kunywa maji. Nilisikia kishindo ukutani, halafu kitu kama kuburuta, halafu kimya. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake. Mlango haukuwa umefungwa, uliegeshwa tu. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Ndipo akasema, na yalikuwa maneno ya kwanza aliyowahi kunielekezea mimi maishani mwake.

"Usiingie. Sina nguo."

Nitasema lililonipata hapo, kwa sababu bila hilo kisa hiki hakina maana. Lililonipata ni nafuu. Nilisikia mwili wangu ukilegea kwa shukrani, kwamba sitalazimika kuona wala kushika. Ningeweza kufumba macho, nikaingia, nikamtupia blanketi. Ningeweza hata kumwongelesha pale mlangoni, asijione yuko peke yake. Badala yake nilikimbia kumtafuta Mama Kioko, jirani yetu, mke wa dereva wa kituo. Hakuwa kwake. Alikuwa kwenye chemchemi akifua, na huko nako alikuwa ameshahamia upande wa pili kutafuta maji safi, na mimi nikazunguka nikiuliza watu, nikisimama hata kusalimiana. Tuliporudi, jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa nyumba. Mama alikuwa bado sakafuni, mguu wa kushoto umekunjika chini yake, leso imemtoka, na sakafu ya simenti imelowa. Mama Kioko aliingia akafunga mlango. Nilimsikia akimwambia, "Pole mama, pole, niko hapa," na nilimsikia mama mkwe wangu akiuliza kama mkwe ameondoka pale mlangoni. Aliambiwa nimeondoka. Sikuwa nimeondoka.

Hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo gumu. Mama Kioko aliisimulia habari hiyo kwa wanawake wa nyumba zetu kwa sifa. "Huyu kijana ako na heshima," alisema. "Hawa wengine wangeingia tu kama ng'ombe." Mama mwenyewe alimtuma Mwende aniambie kwamba ananishukuru kwa kumtunzia utu wake. Mwende alinipa ujumbe huo bila kunitazama, akaenda kuchochea moto. Goti lilivimba, mazoezi yakasimama wiki nyingi, na nguvu chache alizokuwa ameanza kuzipata pajani zikapotea. Bi Zuhura alipokuja alilichunguza goti, akatoka nje kunawa mikono, akaniuliza nilikuwa wapi mama alipoanguka. Nikasema nilikuwa nje. Akauliza nje wapi. Nikasema mlangoni. Alijipangusa mikono kwa taulo, kidole kwa kidole, akarudi ndani kuendelea na kazi yake. Nimeshagombezwa na wakubwa wengi maishani, lakini sikumbuki maneno yao kama ninavyoikumbuka taulo ile.

Mchungaji wetu aliitwa atoe ushauri. Alikaa katika chumba cha mama, na mimi barazani kwenye sehemu yangu ya kawaida, akafungua Biblia na kusoma jinsi Yesu alivyoingia nyumbani mwa Petro akamkuta mama mkwe wa Petro ana homa, akamshika mkono, homa ikamwacha. Kwa hiyo, mchungaji akasema, mambo ya nthoni yamepita, mkwe anaweza kumshika mama bila dhambi. Halafu nikamsikia mama akiuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa kweli, "Aliyemshika mkono ni nani, Pastor? Ni Yesu au ni Petro?" Mchungaji akasema ni Yesu. "Haya," mama akasema. "Petro alikuwa nje." Mwende alicheka hadi akashika tumbo. Mchungaji naye alicheka, akanywa chai yake, na hapo Biblia ikafungwa.

Lakini mama alikuwa amelifikiria jambo hilo kuliko sisi sote, kwa sababu ni yeye aliyetaka kwenda nyumbani. Aliweka masharti yake kupitia kwa Mwende. Kwanza nimletee blanketi jipya, kwa kuwa kwao ndivyo mkwe alivyolegeza nthoni kidogo, blanketi haliimalizi ila linailegeza. Nikaleta. Pili, atafungwa leso kiunoni, ile nzito ya pamba, ikakunjwa mara mbili na kupigwa fundo mgongoni, na mimi nitashika fundo. Mkono wangu utakuwa umeshika leso, haujamshika mtu. Tatu, nisikae mbele yake hata mara moja. Bi Zuhura aliposikia masharti hayo alicheka kwa furaha. Akasema hata yeye hawezi kupanga vizuri zaidi, kwani mahali pa kusimama unapomwendesha mgonjwa wa kiharusi ni hapo hapo: upande ule dhaifu, nyuma kidogo, mkono kiunoni, si kwapani wala mkononi. Akiyumba, unavuta kiuno kirudi katikati. Humbebi. Unamkumbusha tu katikati ni wapi.

Tulianza asubuhi na mapema kabla ya saa za kazi, kwenye njia ya udongo laini kati ya vitalu vya mtama. Mguu wake ulikuwa ukiburuta vidole, maana nyama zinazoinua unyayo zilikuwa hazijapata ujumbe, na Bi Zuhura alikata utepe wa mpira kutoka tyubu ya baiskeli, akaufunga kutoka kwenye kiatu mpaka chini ya goti, ili mpira uinue kile ambacho mguu haukuweza kuinua. Kwa fimbo mkono wa kulia, mpira mguuni na leso kiunoni, mama alipiga hatua. Mimi nilitazama chini. Kwa kuwa sikuruhusiwa kumtazama, nilisoma mchanga. Mwanzoni alama zake zilikuwa unyayo mmoja na mfereji mmoja, unyayo na mfereji. Baadaye mfereji ukaanza kukatika vipande. Baadaye zaidi ukawa kisigino, kisha alama kidogo ya vidole. Nilizijua nyufa za kisigino chake kuliko nilivyojua uso wake. Hata leo nikifumba macho kumkumbuka, kinachonijia ni kisigino.

Tatizo lilikuwa mazungumzo. Mtu anayefundishwa kutembea lazima aseme amechoka, na anayemshika lazima aseme geuka, simama, pumzika. Mwezi wa kwanza Mwende alitembea nasi akibeba maneno: mama akimwambia yeye, yeye akiniambia mimi, hata kama tulikuwa hatua moja kutoka mmoja kwa mwingine. Mtoto wetu Ndanu alipozaliwa, kazi hiyo ikawa yake. Alilazwa kwenye kanga kivulini ukingoni mwa shamba, hana hata mwezi, na tukazungumza naye.

"Ndanu," mama angesema, "mwambie baba yako asivute. Mimi si mbuzi."

"Ndanu, mwambie nyanya yako goti lake limefungika tena. Alikunje kidogo."

"Mwambie baba yako kama anataka goti la kukunjika, akaoe kwingine."

Wafanyakazi wenzangu waliokuwa wakipita na majembe walisimama kusikiliza. Mama Kioko alisema hajawahi kuona mtoto mchanga mwenye kazi nyingi namna ile. Na mimi, nikijua kwamba ningekuwa nikifanya hivi tangu mwanzo kama ningetaka, nilicheka pia. Zilikuwa asubuhi nzuri. Lazima niseme hivyo, ili nisije nikaonekana najipaka matope kwa kupenda. Tulikuwa na uji wa wimbi kwenye chupa, ndege walikuwa wakipiga kelele kwenye mtama, na mwanamke aliyeletwa kama mzigo alikuwa akitembea. Mtu akitembea hatua ambayo jana hakuiweza, wewe uliyeshika leso unaihisi kwenye kiganja chako mwenyewe. Kama uko katika kazi hiyo leo, na umechoka, na unaona hakuna kinachobadilika, ngoja. Itakujia kiganjani kabla hujaiona kwa macho.

Hata hivyo nilikuwa na haraka. Hii ndiyo sehemu ambayo waombolezaji wa Mutomo hawaijui. Watu waliona bidii yangu na kuiita upendo, lakini kila hatua aliyoipiga niliihesabu kama hatua ya kuondoka. Nilitaka chumba changu. Nilitaka kucheka na mke wangu bila kuziba mdomo, kula mezani, kumbeba mtoto wangu hadi chooni bila kukohoa. Nilitaka mlango ule usiwepo, maana kila nilipoupita nilisikia tena "Usiingie." Kumfundisha kutembea kulikuwa njia ya heshima ya kumtoa. Hivyo Bi Zuhura aliposema twende mpaka kwenye mti wa pili, mimi nilimpeleka mpaka kwenye kisima. Aliposema siku ya mapumziko, mimi nilimwambia Mwende afunge leso.

Naomba nieleze lile goti, kwa sababu kosa hili linafanywa katika nyumba nyingi na linaweza kuepukwa. Paja linapokuwa dhaifu, mgonjwa huogopa goti litakunjika na kumwangusha. Kwa hiyo hulisukuma nyuma mpaka lijifunge, kama mtu anavyoweka komeo. Likijifunga hivyo, hawezi kuanguka, na anaweza kwenda mbali. Inaonekana kama maendeleo. Lakini mwili unajifunza unachorudia, na kano za nyuma ya goti zinavutika, na baada ya muda hawezi tena kutembea kwa namna nyingine, na maumivu yanakuja. Dawa yake ni uvumilivu: hatua chache, goti limekunjwa kidogo, uzito unapita juu yake polepole, paja likipata nguvu kwanza ndipo umbali uongezwe. Bi Zuhura alinieleza hayo kwa utulivu, alichora hata kwenye mchanga kwa kijiti. Alisema mguu hauna haraka. Akauliza kama kuna mtu mwingine mwenye haraka. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele yetu, mgongo wake kwetu, na nilihisi kwamba naye anasubiri jibu langu. Nikasema tutapunguza. Tulipunguza siku chache. Kisha mama mwenyewe akamwambia Ndanu amwambie baba yake kwamba mvua inakaribia, na shamba lake la kunde halina mtu, na nikalichukua neno lile kama mtu anayepewa alichokuwa akikitamani. Tukaendelea hadi kisimani. Goti lilipiga nyuma kila hatua. Nilikuwa nikitazama chini wakati wote, hakuna mtu aliyeliona vizuri kuliko mimi.

Tulimrudisha mvua za kwanza zilipoanza kunukia. Pikapu ya kituo ilitupeleka, mimi nyuma na mizigo, Mwende, mtoto na mama mbele na dereva, barabara ndefu mpaka upande ule mkavu wa Kitui ambako mbuzi hujua njia kuliko madereva. Karibu na kwake, mama alimwamuru dereva asimame kabla ya kufika ua. Majirani walikuwa wameshasikia, wanawake wakasimama kando ya njia na watoto wao. Mwende alimsaidia kushuka. Nikaja nyuma upande wa kushoto, nikanyoosha mkono kushika fundo, na hapo akafanya kitu ambacho hatukukizungumza: alipeleka mkono wake mzima mgongoni, akalifungua fundo mwenyewe, akaivuta leso ikatoka, akamrushia Mwende. Kisha akaegemea fimbo na kuanza kwenda. Nilimfuata mikono yangu ikiwa wazi, haina pa kushika. Wanawake hawakupiga vigelegele. Walinyamaza wakitazama, kimya kile cha watu wanaomsaidia mtu kwa pumzi zao. Hatua, mzunguko, kukanyaga, goti nyuma. Hatua, mzunguko, kukanyaga, goti nyuma. Aliupita ua, akaipita ghala tupu ya mahindi, akafika kibarazani kwake, akashika nguzo.

Hapo akageuka. Hakugeukia Mwende, wala majirani. Alinigeukia mimi, na mimi nikatazama miguu yake kama kawaida.

"Baba Ndanu," alisema. "Niangalie."

Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake, macho wazi, lakini safari hii hakupewa ujumbe. Nikainua uso. Alikuwa mwanamke mwenye uso mpana, jasho limemteremka mpaka kidevuni, upande mmoja wa mdomo umeinama kidogo tu. Sikuwa nimejua kwamba Mwende alirithi macho yale.

"Ulitaka niondoke," alisema. Hakukuwa na hasira ndani yake, alisema kama mtu anayesoma mizani. "Nimeondoka."

Nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kukana au kuomba msamaha. Alinizuia kwa kuinua fimbo kidogo kutoka ardhini, na goti likafunga nyuma kumshikilia asianguke.

"Na mimi nilitaka," akasema. "Kwa hiyo usije ukawaambia watu kwamba ulifanya kwa ajili yangu. Keti ule. Barabara ni ndefu."

Akaingia ndani. Jirani mmoja aliniletea kigoda na bakuli la muthokoi wenye kunde, na nikakaa kivulini mwa ghala kula, kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa. Kutoka ndani nilimsikia akipita chumba baada ya chumba, fimbo, mguu, fimbo, mguu, akifungua madirisha, akimwuliza Mwende ni nani aliyehamisha meza yake. Majirani walinipongeza. Nilikuwa nimetoka alfajiri bila chai, njaa ilikuwa inaniuma, na chakula kilikuwa kitamu. Nilikula chote, nikaongezewa, nikala tena.